Kalamu ya Kujaza Midomo Bila Sindano: Kutambua Dalili za Hatari, Chanzo Chake na Hatua za Kuchukua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari amejidunga jeli midomoni kwa kalamu isiyo na sindano, au amedungwa na rafiki au na msusi wa saluni, na sasa anaona jambo ambalo halielewi. Ikiwa wakati huu una maumivu yanayozidi kupanda, ngozi ya mdomo au ya kando ya pua imebadilika rangi, jicho halioni sawasawa, mkono umekosa nguvu, maneno hayatamkiki, au unapumua kwa shida, acha kusoma uende kutafuta matibabu sasa hivi. Mtu mwingine anaweza kukusomea yaliyobaki mkiwa njiani. Dalili nyingine zinaweza kusubiri umalize kusoma, na baadhi yake zinaweza kusubiri siku kadhaa bila madhara.

Katika matatizo ya aina hii, saa zinazopita zina uzito kuliko ukubwa wa uvimbe. Mdomo uliofura hata ukashindwa kufumbika unaweza kupona wenyewe kwa wiki moja, ilhali mdomo ambao haukuvimba sana, lakini una baka dogo la kijivu ambalo mwenyewe analiona kuwa si kitu, unaweza kupoteza nyama yake. Kwa hiyo dalili zinapimwa hapa kwa kadiri ya haraka zinazoitaka, wala si kwa kadiri zinavyotisha machoni.

Kalamu yenyewe hufanya nini

Kifaa hiki, ambacho wauzaji hukiita kalamu ya hayaluroni, ni bomba dogo lenye springi au hewa iliyogandamizwa. Jeli hutiwa ndani ya kichupa kilicho mbele, ncha huwekwa juu ya ngozi, na kitufe kinapobonyezwa springi hufyatuka na kuisukuma jeli kupitia kitundu chembamba kwa kasi inayotosha kutoboa ngozi. Wazo hilo si geni, kwa kuwa kwa miaka mingi zimekuwapo mashine za kutolea chanjo na insulini kwa msukumo wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba insulini hufyonzwa na mwili muda mfupi baada ya kuingia chini ya ngozi, ilhali asidi ya hayaluroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya kujazia midomo ni jeli nzito inayokusudiwa kudumu kwa miezi mahali ilipowekwa. Ikiangukia pabaya, itadumu hapo pabaya.

Wauzaji hudai kwamba, kwa kuwa hakuna sindano, mishipa ya damu haiwezi kufikiwa. Dai hilo si la kweli. Ateri za midomo, ambazo ni matawi ya ateri ya uso, hupita milimita chache tu chini ya ngozi, tena zimejipindapinda, na njia yake haifanani kwa watu wote. Daktari anayetumia sindano au kanula, yaani mrija mwembamba wenye ncha butu, huchagua kina, husukuma jeli kidogo kidogo, na akiiona ngozi inapauka husimama papo hapo. Kalamu haikupi nafasi ya kusimama, kwa sababu hutoa dozi yake yote kwa mpigo mmoja, na kina chake hutegemea mambo ambayo hakuna anayeyapima: namna mkono ulivyoshika, unene wa ngozi mahali hapo, unyevu wa mdomo na nguvu ya springi iliyotengenezwa katika kiwanda usichokijua.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwezi wa Oktoba 2021 kwamba umma na wataalamu wasitumie vifaa hivi kujaza midomo wala uso, na ikataja hatari zake: kutokwa damu, maambukizi, mshipa kuziba na nyama kufa, upofu, na kiharusi. Hata jeli zilizoidhinishwa nchini humo kwa kazi hiyo ni za watu wazima wa kuanzia miaka 22, nazo hutiwa kwa sindano au kanula na mtaalamu mwenye leseni. Hapa Uganda, kalamu iliyoagizwa mtandaoni au iliyonunuliwa katika duka la vipodozi mjini Kampala haiwi kifaa cha tiba kwa sababu tu sanduku lake limechorwa msalaba mwekundu.

Maumivu makali, baka lililopauka au rangi ya wavu: mshipa umeziba

Hii ndiyo dalili ambayo ningependa kila msomaji aijue hata akisahau mengine yote, maana ina tiba, na tiba hiyo inakimbizana na muda.

Jeli ikiingia ndani ya ateri, au ikijaa kando yake hadi kuibana, sehemu iliyokuwa ikilishwa na ateri hiyo hukosa damu. Mtu huhisi maumivu yasiyolingana na tundu dogo alilotobolewa, yanayozidi badala ya kupungua, au kuchomachoma kunakofuatiwa na ganzi. Hata hivyo, kutoumwa si uthibitisho wa usalama, kwa kuwa jeli nyingi huchanganywa na lidokeini, ambayo ni dawa ya ganzi, na wengi hupaka krimu ya ganzi kabla ya kuanza; maumivu yanaweza kufichika wakati ule ule unapoyahitaji yakuonye.

Rangi ya ngozi ndiyo shahidi wa pili, na hapa msomaji wa Uganda hana budi kuwa mwangalifu kuliko picha za mtandaoni zinavyomfundisha. Picha nyingi zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, ambapo baka lisilo na damu huonekana jeupe waziwazi. Kwenye ngozi nyeusi baka hilo huonekana la kijivu, kama ngozi iliyopata majivu, na pengine halionekani kabisa kwa nje. Kwa hiyo ugeuze mdomo, utazame upande wa ndani pamoja na ufizi, katika mwanga wa mchana au wa tochi ya simu, kisha ulinganishe kulia na kushoto. Sehemu iliyopauka kuliko mwenzake, au yenye mistari ya zambarau iliyosukana kama wavu, ni ya kutiliwa shaka mara moja.

Baada ya kutazama, bonyeza. Weka kidole kisafi juu ya sehemu unayoishuku, kandamiza kwa sekunde tano hivi, kisha uachie huku ukihesabu. Damu inapaswa kurudi katika muda wa sekunde mbili; ikichelewa kuliko hapo, na hasa ikichelewa kuliko upande wa pili, damu haipiti sawasawa. Jaribio hili husaidia kuthibitisha shaka, lakini halitoshi kuiondoa: kama maumivu na rangi haviko sawa, nenda hospitali hata kama hesabu imetoka vizuri.

Dalili hazibaki lazima pale ulipodunga. Ateri ya mdomo wa juu imeungana na mishipa inayopanda kando ya pua, kwa hiyo mtu aliyejidunga mdomoni anaweza kuona baka kwenye bawa la pua, kwenye ncha ya pua, au katika mkunjo ulio kati ya pua na shavu. Wengi hawahusishi mambo hayo mawili.

Dalili hubadilika kadiri muda unavyokwenda, na mabadiliko hayo ndiyo hudanganya. Katika saa za mwanzo kuna kupauka. Baadaye, ndani ya siku ya kwanza au ya pili, ngozi huanza kuwa na rangi ya zambarau iliyokolea, na mtu hujifariji kwamba ni damu iliyovia. Kufikia siku ya pili au ya tatu vinaweza kutokea vipele vidogo vyenye usaha, ambavyo mwenyewe, na wakati mwingine hata mhudumu wa afya asiyeambiwa habari za kalamu, huvidhania kuwa chunusi au malengelenge ya homa. Mgonjwa hupewa antibiotiki na kuambiwa asubiri. Baada ya hapo hutokea gamba jeusi, na chini ya gamba hilo nyama imekwisha kufa.

Ukiishuku hali hii, acha kudunga mara moja, wala usiongeze upande wa pili ili midomo ilingane. Ondoa barafu, kwa sababu baridi huibana mishipa ambayo tayari haipitishi damu vya kutosha. Weka badala yake kitambaa chenye uvuguvugu, kisichounguza, maana ngozi yenye ganzi haitakuambia kwamba inaungua. Usivute sigara. Usimeze aspirini kwa ushauri wa jirani. Daktari anaweza kuitoa, lakini uamuzi huo ni wake baada ya kujua magonjwa mengine uliyo nayo.

Tiba yenyewe ni hayaluronidesi, kimeng'enya kinachoyeyusha asidi ya hayaluroniki. Hudungwa katika eneo lote lililokosa damu, tena kwa kiasi kikubwa, na hurudiwa hadi rangi na damu zirejee. Kadiri inavyotolewa mapema, yaani ndani ya saa chache, ndivyo nyama inavyookolewa zaidi. Usitegemee kuikuta katika kituo cha afya cha daraja la III, na usipoteze siku nzima ukihama kutoka duka moja la dawa hadi lingine. Kwa aliye Kampala, Hospitali ya Rufaa ya Kiruddu ndiyo yenye kitengo cha umma cha majeraha ya moto na upasuaji wa kurekebisha maumbile, na katika barabara ya Entebbe, huko Kisubi, iko hospitali ya CoRSU yenye madaktari wa upasuaji wa namna hiyo. Kwa walio Arua, Gulu, Mbale au Mbarara, mlango wa kwanza ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Mtu mmoja apige simu huku mkiwa njiani, aulize kwa jina la dawa. Aulize pia idara ya macho, kwa sababu madaktari wa macho huitumia hayaluronidesi hiyo hiyo pamoja na dawa ya ganzi katika upasuaji wa jicho, jambo ambalo wahudumu wa mapokezi huenda wasilikumbuke. Ikiwa umewahi kupata mzio mkali kwa kuumwa na nyuki, liseme kabla ya kudungwa, kwa kuwa sumu ya nyuki ina kimeng'enya kinachofanana nacho.

Chukua kichupa, sanduku, na kalamu yenyewe. Hayaluronidesi huyeyusha asidi ya hayaluroniki pekee. Haina uwezo wowote juu ya silikoni au mafuta ya parafini, na daktari hawezi kukisia kilichomo kwa kukutazama usoni.

Macho, kichwa na ulimi

Jeli iliyosukumwa kwa nguvu ndani ya ateri ya uso inaweza kurudi kinyume na mkondo wa damu hadi kufikia ateri inayolisha jicho. Jambo hili ni nadra kwa midomo kuliko kwa pua au paji la uso, lakini likitokea, retina, yaani utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho, ikikosa damu huharibika kabisa ndani ya saa moja na nusu hivi. Dalili zake ni kutoona ghafla kwa jicho moja, ukungu, kuona vitu viwiliviwili, kope kuanguka, au maumivu makali nyuma ya jicho. Kuumwa kichwa ghafla, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu au maneno kutotamkika ni dalili za kiharusi. Hakuna tiba ya nyumbani kwa mojawapo ya haya, na kituo kidogo cha karibu hakitakufaa. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa yenye daktari wa macho.

Uvimbe

Kila mdomo uliotobolewa huvimba. Uvimbe wa kawaida ni laini, huenea pande zote mbili kwa namna inayokaribiana, hufikia kilele chake kati ya saa 24 na 48, kisha hushuka katika wiki moja. Huo unatuliwa kwa kulala ukiwa umeinua kichwa na kwa kitambaa baridi, ilimradi umekwisha kuhakikisha kwamba rangi na mzunguko wa damu viko sawa.

Uvimbe wa mzio una sura nyingine. Huja ndani ya dakika au saa chache, huenea kwenye ulimi, kope na koo, huambatana na vipele vinavyowasha, sauti kukwama, kifua kubana, kutapika au kizunguzungu. Hapo ushauri niliotoa juu unageuka: usikimbilie hospitali ya mbali, nenda kituo chochote cha afya kilicho karibu, kwa kuwa kinachohitajika kwanza ni sindano ya adrenalini, na dawa hiyo ni ya msingi kiasi kwamba vituo vidogo navyo vinaweza kuwa nayo. Dawa ya mzio ya kumeza haitoshi ikiwa koo linafunga. Anayetumia dawa za shinikizo la damu za jamii ya enalapril au lisinopril amweleze mhudumu, kwa sababu dawa hizo zenyewe huweza kuivimbisha midomo.

Uvimbe wa upande mmoja uliotokea ghafla, mgumu, wenye rangi ya zambarau iliyokolea, mara nyingi ni damu iliyovuja na kukusanyika, kwa kuwa mpigo wa kalamu huchana mishipa midogo inapopita. Ukiwa mdogo hupotea wenyewe kwa wiki moja au mbili. Ukiendelea kukua, au ukiwa unatumia dawa za kuyeyusha damu, unahitaji kuonekana siku hiyo hiyo.

Vinundu laini, midomo isiyolingana na rangi ya samawati

Haya ndiyo malalamiko ya kawaida zaidi, na kwa bahati nzuri hayana haraka. Kalamu huimwaga jeli karibu na uso wa ngozi, kwa matone yasiyo sawa, na sehemu nyingine huvuja nje bila kuingia. Kwa hiyo matone huonekana kama shanga chini ya ngozi, na jeli iliyo juujuu huipa ngozi rangi ya samawati au kijivu. Tofauti na mshipa ulioziba, sehemu hiyo haiumi, na ukiibonyeza damu hurudi upesi. Subiri wiki mbili. Vinundu vikibaki, daktari anaweza kuviyeyusha. Jambo moja tu ni la kukatazwa kabisa hapa, nalo ndilo ambalo watu hulifanya kwanza: kudunga tena ili kusawazisha. Dozi ya pili huingia katika nyama iliyovimba, ambapo mishipa imesukumwa kutoka mahali pake, na hatari ya kuikuta ateri huongezeka.

Joto, usaha na homa

Maambukizi huanza siku kadhaa baada ya kudungwa: mdomo ambao ulikuwa umeanza kupungua huvimba upya, huwa wa moto, huuma ukiguswa, na pengine hutoa usaha. Chanzo ni bakteria walio kwenye ngozi, mdomoni, kwenye ncha ya kalamu, au ndani ya jeli yenyewe. Losheni ya hayaluroniki ya kupaka usoni haikutengenezwa katika hali isiyo na vijidudu inayotakiwa kwa kitu kinachoingia chini ya ngozi, na wako watu wanaoitia kwenye kalamu kwa sababu jina kwenye chupa linafanana.

Katika nchi yetu homa yoyote hupewa kwanza jina la malaria, na hilo lina sababu yake. Pima malaria, lakini kipimo kikionyesha unayo, usiache kuonyesha mdomo. Magonjwa mawili huweza kukaa katika mwili mmoja. Usikamue usaha. Vena za sehemu ya kati ya uso, kuanzia kwenye pembe za mdomo hadi juu ya pua, zina njia ya kurudi hadi ndani ya fuvu, na kukamua kunaweza kuyasukuma maambukizi huko. Homa inayoambatana na kichwa kuuma sana, jicho kuvimba au kutokeza, au shingo kukakamaa inahitaji hospitali usiku huo huo. Usinunue vidonge vinne vya antibiotiki dukani ukavimeza hadi maumivu yapungue. Dozi nusu huyanyamazisha maambukizi bila kuyaua, na katika jeli bakteria hupata mahali pazuri pa kujificha.

Vilengelenge vidogo vilivyokusanyika pamoja, vinavyochonyota kabla ya kutokea, huenda ni virusi vya hepesi vilivyoamshwa na jeraha, hasa kwa mtu aliyewahi kuvipata. Asikloviri, dawa ya virusi hivyo, husaidia ikianzwa mapema. Lakini kwa kuwa mshipa ulioziba nao hutoa vipele siku ya pili au ya tatu, usijipe mwenyewe jibu hili kabla ya mtu mwenye ujuzi kuthibitisha kwamba damu inapita.

Vinundu vigumu baada ya wiki au miezi

Kinundu kinachotokea baada ya kila kitu kuonekana kimepona kina maelezo zaidi ya moja, na ni vigumu kuyatenganisha kwa macho. Huenda ni bakteria wanaokua polepole, wakiwamo wa jamii moja na wale wa kifua kikuu lakini wasioleta ugonjwa huo, ambao huhitaji dawa za muda mrefu. Huenda ni mwili kuikataa jeli, pengine ukichochewa na mafua, chanjo au kung'olewa jino. Huenda pia kilichodungwa hakikuwa hayaluroniki hata kidogo. Silikoni na mafuta hayaondoki. Mwili huvizungushia ukuta wa nyama ngumu, na wakati mwingine hakuna njia ila kukata. Usiruhusu mtu akudunge steroidi saluni ili kuvilainisha, kwa maana kama ndani kuna maambukizi, steroidi huyafungulia mlango. Mweleze pia daktari wako wa meno kwamba una jeli mdomoni, hata kama umepita mwaka.

Alama nyeusi na makovu

Ngozi nyeusi ikiumia huacha alama nyeusi zaidi mahali pa jeraha, na kwa baadhi ya watu kovu huendelea kunenepa. Alama nyingi hufifia kwa miezi kadhaa zikikingwa na jua. Krimu za kujichubua zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi zisizotajwa kwenye kopo huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, na kwenye mdomo humezwa pia.

Hakuna dalili, lakini kalamu ilipita mikononi mwa wengi

Hali hii haina maumivu, na ndiyo sababu hupuuzwa. Neno "bila sindano" huwafanya watu waamini kwamba hakuna damu inayohamishwa, kwa hiyo kalamu moja hutumika kwa dada watatu katika chumba kimoja, au kwa wateja wote wa saluni siku ya Jumamosi. Ukweli ni kwamba msukumo unapogonga ngozi hurudisha matone madogo ya damu kwenye ncha na ndani ya kifaa, hata kama hayaonekani. Katikati ya miaka ya 1980, kliniki moja ya kupunguza uzito huko California ilisababisha mlipuko wa homa ya ini aina ya B kwa kutumia mashine ya msukumo isiyo na sindano, na mwaka 1997 jeshi la Marekani liliacha kuwachanja askari kwa mashine za aina hiyo zilizotumiwa kwa mtu baada ya mtu. Hizo zilikuwa mashine za kitabibu, mikononi mwa watu waliofunzwa.

Kwa hiyo, kama kalamu ilitumiwa na mtu mwingine kabla yako na hazijapita saa 72, nenda kituo cha afya kinachotoa huduma za VVU ukaombe dawa za kinga baada ya hatari, ambazo humezwa kwa siku 28. Kila saa unayoiokoa inasaidia. Uliza pia chanjo ya homa ya ini aina ya B kama hukuwahi kuipata, hasa kwa kuwa virusi hivyo vimeenea nchini, na zaidi kaskazini. Kama saa hizo zimepita, pima sasa, kisha urudie baada ya miezi mitatu.

Vikombe vya kunyonya na vipodozi vya pilipili

Njia nyingine zinazoitwa salama hazihitaji maneno mengi. Kikombe au chupa ya kunyonya huivimbisha midomo kwa kupasua mishipa midogo. Mwaka 2015 mtindo huo ulienea miongoni mwa vijana mtandaoni na kuwaachia wengi wao midomo iliyovia damu. Mchanganyiko wa pilipili, mdalasini au mafuta ya mnanaa huvimbisha kwa kuunguza. Osha kwa maji mengi, paka vaselini isiyo na manukato, na uende hospitali iwapo ngozi imechubuka, imetoa malengelenge au rangi haijarudi.

Ukifika mbele ya daktari

Sema kwa maneno yaliyo wazi: umejidunga kitu gani, kwa kifaa gani, saa ngapi, mara ngapi, na sehemu zipi. Ninajua kwamba wengi huona aibu, hasa anapokuwapo mama au mume chumbani, na husema wameumwa na mdudu au wamekula kitu kibaya. Lakini uongo huo mmoja humpeleka daktari kwenye dawa za mzio, na saa za kuyeyusha jeli hupita akingoja uvimbe ushuke. Omba kuzungumza naye faragha ikiwa ndiyo njia pekee. Kama ulijipiga picha kabla na baada, mwonyeshe, kwa sababu picha zenye saa humwonyesha rangi ilianza kubadilika lini.

Kwa kuwa hapa kwetu karibu kila anayetibu huitwa musawo, awe nesi, mwenye duka la dawa au mtu wa saluni aliyenunua cheti cha siku mbili, uliza kwa upole anayetaka kukudunga dawa ya kuyeyusha kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda. Hayaluronidesi nayo ikidungwa ovyo huleta mzio mkali, na mtu asiye na adrenalini mkononi hapaswi kuigusa. Usikubali kurudi kwa yule yule aliyekudunga ili "arekebishe" bila malipo.

Mdomo ukishapata matibabu, usiitupe kalamu wala vichupa, na usimpe mtu mwingine avitumie. Vifunge katika mfuko pamoja na risiti au jina la ukurasa ulikovinunua, na uwakabidhi Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, au mfamasia wa hospitali ili akusaidie kujaza ripoti ya madhara; kichupa chenye mabaki ya jeli ndicho kinachoweza kupimwa kikatambulika.